Mitalawanda ya Mchangani

Ibra, 14 Januari 2025

Shangazi Mahfoudha, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yamepata nafuu baada ya baridi. Sisi huku Ibra alhamdulillah. Baba anakusalimu, anasema dada yake kamsahau tangu apate majirani wa Nizwa. Mama ana mafua, lakini Jumatano alikwenda soko la wanawake vilevile, maana asipokwenda yeye nani atawapa watu habari za watu?

Sharti lako nalijua: niandike kwa kalamu, kwa Kiswahili, na simu ni ya msiba na harusi tu. Basi nikikosea unisamehe. Kiswahili changu nimekiokota jikoni kwa Mama, sikukisomea skuli kama wewe kule Unguja.

Humoud akishanunua mbuzi wake Sinaw Alkhamisi, atakupitia Ijumaa kabla ya kwenda kuwauza soko la Nizwa. Atakuletea na mzigo mrefu uliofungwa blanketi. Si fimbo za pazia, hilo yeye keshaniuliza. Ni skii. Watu wa nchi za theluji hufunga mbao mbili miguuni wakateleza mlimani, na sisi theluji hatuna lakini Ramla tunayo, mchanga mpaka macho yachoke. Unajua kuwa nazitengeneza gereji kwa Baba, ila hujapata kuziona. Za mwanzo zote niliishia kuzipasua kuni. Hizi ndizo za kwanza nisizozionea haya.

Nikueleze zilivyo ndani, maana nje utaona rangi tu. Kiini chake ni pongoo, miti ya katikati ya makuti ya mitende yetu ya uani. Nilizikausha kivulini, nikazichonga pembe nne, nikazilaza ubavu kwa ubavu na kuziunga kwa gundi. Ni nyepesi na zinapinda bila kuvunjika. Kingoni nimetia mti wa mkunazi, kwa sababu kingo ndiyo hupata kipigo. Juu na chini ya kiini kuna kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya kuchanganya, ile ambayo ukishaichanganya haimngoji mtu. Na chini kabisa, panapogusa mchanga, ni fomaika ya meza za mkahawa, kwa sababu plastiki wanayotumia kwenye theluji mchanga unaila.

Kisha vyote hubanwa pamoja. Wenye viwanda wana mashine. Mimi nina mpira mkuukuu wa zimamoto, nimeulaza kati ya vyuma viwili na kuujaza upepo mpaka kila kitu kinakandamizwa sawasawa. Hilo alinifundisha mzee mmoja wa milima ya Ulaya, anayetengeneza skii peke yake ghalani, jozi chache kila mwaka. Sijapata kumwona uso. Ameweka picha za kazi yake, hatua kwa hatua, kwenye jukwaa letu la mtandaoni, na nilipokwama alinijibu ukurasa mzima kama mtu aliyekuwa akiningoja. Watu wa jukwaa lile nawapenda, Shangazi. Kila mmoja na kibanda chake, Peru, Namibia, Ulaya, na wanaonyeshana mpaka makosa yao.

Mwisho zinaingia katika sanduku la joto nililoliunda kwa mabati na hita za umeme. Jozi moja, kutwa nzima, ndipo gundi ikomae.

Zitazame, kisha uniambie kweli. Wewe hujapata kunisifu bure.

Mwanao, Tahani


Nizwa, 7 Februari 2025

Mwanangu Tahani, marahaba.

Barua yako ilikuja inanuka mbuzi, kwa hivyo nilijua imetoka kwako kabla sijaifungua. Magoti yangu hayajambo, yanalalamika kwa adabu. Mjukuu wangu Najla anaendelea na chuo, anakaa nami, anakula kama kuli wa bandarini na hanenepi. Mwambie kaka yangu sikumsahau. Namkumbuka kila nikiona mtu mkaidi.

Sasa mbao zako. Nilizilaza sakafuni nikaona zimeinua mgongo katikati kama paka anayejinyoosha. Nikazikandamiza kwa kiganja, zikalala. Nikaachia, zikanyanyuka. Hapo nilikaa kitako nikasema masha'Allah. Nimepitisha ukucha pale fomaika inapokutana na mkunazi, mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta pa kuingilia. Sikupata. Nilikuwa mwalimu mkuu, Tahani, nimepitia madaftari ya watoto wengi, na kazi ya mtu anayependa anachokifanya naijua hata nikifumba macho. Hii ni kazi ya namna hiyo. Nakusifu, na sikusifu bure.

Ila zinanikumbusha mitalawanda ya bibi yako kule mtaani Malindi, Unguja, viatu vya mbao vya kuingilia chooni, ambavyo akipita navyo mtaa mzima ulijua anakwenda wapi. Basi mimi naziita mitalawanda. Nimezitundika ukutani majlis, kwa misumari miwili. Wageni wanauliza kabla hawajamaliza kahawa, nami nawaambia kafanya binti wa ndugu yangu, mhandisi.

Nina swali moja, la udadisi tu. Mtu akishaanza kuteleza, husimamaje? Tulipokuwa wadogo tulikalia makarara makavu ya minazi, yamejikunja kama mitumbwi, tukashuka nayo mteremko wa Beit-el-Ras mpaka nguo zikatoboka. Mimi sikuwahi kujifunza kusimama. Mama ndiye aliyekuwa akinisimamisha, kwa bakora. Tangu tulipoondoka Unguja sijateleza tena, isipokuwa kwenye sabuni.

Shangazi yako, Mahfoudha


Ibra, 27 Februari 2025

Shangazi, shikamoo, na Ramadhani karim. Mwezi uko mlangoni na Mama keshaanza kugombana na sambusa. Mafua yamemtoka, yamehamia kwa Baba.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Sikujua kama nilikuwa nikiingoja hivyo.

Kuhusu kusimama: kwenye mchanga si kazi kubwa. Anayejua hugeuza mbao zikakata mteremko. Asiyejua huangukia ubavu, akaviringika, akasimama mwenyewe huku anatema mchanga. Lakini zako ni za ukutani, hazina haja ya breki.

Sasa habari kubwa. Msafiri mmoja alizijaribu mbao zangu Ramla, akaandika kwenye jukwaa kwamba hajapata kupanda nyepesi kama hizi. Shangazi, maombi yamemiminika. Namibia, Peru, Imarati, mpaka yule mzee wa ghalani kanipongeza. Nimekubali yote, na nimeahidi kuwa baada tu ya Idi zitasafirishwa. Nalala gereji karibu. Sanduku langu la joto linaingia jozi moja tu na siku hazinitoshi. Sijui nitafanyaje, lakini nitafanya. Kwa mara ya kwanza watu nisiowajua wanalitaja jina langu kama jina la fundi.

Niombee katika tarawehe zako.

Tahani


Nizwa, 25 Aprili 2025

Mwanangu,

Usishangae hati hii ya kuku. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Nilianguka. Wazee huanguka, ndiyo kazi yetu, na daktari amesema mfupa umepata ufa tu. Usimwambie baba yako, atakuja hapa na maneno.

Idi ilikuwa njema. Humoud alituletea fungu letu la shuwa kutoka shimo la kaka yangu, nyama laini imeiva imelegea, nikamwombea dua. Hakuna mtaa unaofukia nyama ukaitoa kama mtaa wenu, na Baba yako hilo analijua, ndiyo maana majirani wote wanatia nyama yao katika shimo lake naye anatembea kifua mbele.

Wewe hukuniandikia tangu Idi. Najua una kazi. Je, zimekwenda zote? Zimefika? Najla anasema jukwaa lenu halina kuingia bila ya kujiandikisha, na mimi sijiandikishi popote tena isipokuwa peponi.

Mitalawanda ipo, inakusalimu.

Mahfoudha


Ibra, 19 Juni 2025

Shangazi, shikamoo. Mkono umefunguliwa? Nimeuliza kwa Humoud, naye kama unavyomjua, hasemi isipokuwa na mbuzi. Alitazama pembeni akasema, "Bimkubwa? Yuko zein, mzima," akapanda pikapu yake.

Idi Kubwa imepita. Shuwa haikuwa nzuri mwaka huu. Baba hajambo.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu sikuwa na cha kupendeza. Mbao zilifika. Wiki za mwanzo watu walifurahi. Kisha mmoja wa Imarati akaandika kwamba zake zimefura katikati, fomaika imeachana na kiini. Mwingine naye hivyo hivyo. Kisha akaja wa Namibia, ambaye jukwaani anajiita Kipiri, na kila fundi anamwogopa kwa sababu hununua kwa pesa yake, hutumia, halafu huzipasua ili aone ndani. Zangu alizikata kwa msumeno vipande, akapiga picha kila kipande, akaandika: "Kiini ni kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu. Fundi huyu ana mkono. Lakini gundi haikukomazwa, imepikwa, na chini imeungua hasa. Na naomba kuuliza, kwa nini ubao wangu unanuka karafuu na kitunguu saumu?"

Hapo watu wakapata mchezo. Mmoja kasema zije na wali wake. Mwingine ameweka picha ya skii juu ya sinia. Wapo walioandika kwa ukali, kwamba mafundi wa gereji wawaachie kazi wenye viwanda, na hao walipata wa kuwaitikia wengi. Mzee wa ghalani hakusema kitu. Kimya chake kimeniuma kuliko picha za sinia.

Kinachonikosesha usingizi ni kuwa Kipiri hakutukana. Angetukana ningemchukia nikalala. Alikata, akatazama, akasema alichokiona. Ningekuwa mimi ndiye niliyenunua, ningetaka mtu kama yeye awepo.

Sijamjibu. Wananiuliza sababu nami sababu siijui.

Tahani


Nizwa, 11 Julai 2025

Mwanangu Tahani,

Mkono umefunguliwa, kama unavyoona hati imerudi na heshima yake. Joto la huku halisemeki. Najla kafaulu mitihani yote, naye anasema ni dua zangu, msema kweli yule.

Sasa tuzungumze, mimi nawe. Uhandisi sikusoma, lakini pua ninayo. Juni Humoud aliniletea fungu la shuwa ya Idi Kubwa. Nilitia tonge moja mdomoni nikalitoa. Lilikuwa na ladha ya mlango uliopakwa rangi jana. Nikampa paka, paka akanitazama kama kwamba nimemtukana mama yake. Nikadhani ni ukongwe wangu. Halafu ikaja barua yako. Mbao za Aprili zinanuka nyama. Nyama ya Juni inanuka mbao. Na wewe unaniambia sababu huijui.

Nilicheka mpaka Najla akaja mbio kunitazama. Nisamehe, lakini nilicheka. Kisha nikaacha, kwa sababu nilimfikiria Baba yako na majirani zake na yale mafungu ya nyama ya mtaa mzima.

Sikugombezi. Nakuuliza tu, umeisoma barua ya huyo Kipiri vizuri? Kakusifu mara mbili kabla hajakuuma. Mtu asiyekuthamini hakati ubao wako kwa utulivu namna ile. Hao wa masinia waache, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini huyu mmoja anastahili jawabu, na jawabu unalo.

Niandikie.

Shangazi yako


Izki, 18 Septemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Utaona juu nimeandika Izki. Nimepata kazi ofisini hapa, ya muda, wanasema inaweza kuwa ya kudumu. Napokea maombi ya watu, nagonga mhuri, naweka katika faili. Nimepanga chumba karibu na bustani. Maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yanapita chini ya dirisha langu, mahali ni pazuri, sina la kulalamika. Barua hii Humoud kaichukua njiani, akitokea Sinaw.

Umebashiri sawa, na sikuweza kukujibu Julai kwa sababu ya aibu. Siku ya pili ya Idi ndogo, nyama zilipokwisha kutolewa, nililisogelea shimo nikaona bado linatoa joto la kutosha kuoka dunia. Mimi nina jozi rundo zinangoja sanduku linaloingia moja. Nikajiambia, gundi inataka joto, na joto hili linapotea bure. Nilizifunga kwa karatasi ya fedha, nikazitia katika mifuko ya makuti ile ile ya nyama, nikazishusha, nikafunika kwa bati na udongo. Mpaka nyimbo niliimba. Nilijiona nimevumbua kitu, skii zilizookwa kwa shuwa, nani duniani anazo? Zilipotoka zilikuwa zinang'aa. Sikuzikunja, sikuzijaribu, sikukata hata moja kutazama ndani. Kila fundi wa jukwaa lile angekata moja. Mimi nilikuwa na haraka ya kuitwa fundi.

Sikujua kwamba gundi nayo ilikuwa ikichuruzika, ikaingia katika mawe ya shimo. Moto wa Idi Kubwa ukaiamsha. Mtaa mzima ulitia nyama yao mle, Shangazi. Mzee Azzan, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na wageni kutoka Sur. Waliifungua mifuko mbele ya watu. Baba alisimama pale. Alichukua koleo akalifukia shimo la babu yake kwa mkono wake, na wiki iliyofuata akaanza kuchimba jingine. Mpaka leo hajaniambia neno, na hilo ndilo neno.

Nimefunga gereji, ufunguo nimempa yeye. Waliodai nimewarudishia pesa zao. Jukwaani sikuandika kitu, nimejitoa. Nitakuwa mtu wa mhuri, wapo wengi na wanaishi vizuri.

Tahani


Nizwa, 3 Oktoba 2025

Tahani,

Izki! Nusu saa kutoka mlangoni kwangu, na unaniletea barua kwa gari la mbuzi. Sawa. Hukunialika, sitakuja.

Najla hajambo, mimi sijambo, mtende wa uani umezaa vizuri.

Nakurudishia mitalawanda yako kwa Humoud. Uliniomba Januari nizitazame nikuambie kweli. Nilikuambia kwa ukucha tu. Sasa zitazame wewe, kwa jicho la huyo Kipiri wako. Siongezi neno.

Mahfoudha


Ibra, 6 Novemba 2025

Shangazi yangu, shikamoo, tena shikamoo.

Ndiyo, umesoma vizuri, Ibra.

Mzigo wako ulikaa chumbani Izki wiki nzima na blanketi lake. Niliuogopa. Siku nilipoufungua nilizilaza sakafuni kama ulivyozilaza wewe, nikazigeuza nitazame chini, nikadhani Humoud kanipa za mtu mwingine.

Shangazi, ukutani hakuna mchanga. Fomaika niliyokupa ikiwa kioo imesuguliwa kote, imepoteza mng'aro kutoka ncha mpaka mkia. Nta iliyomo si yangu. Yangu nyeupe, hii ya manjano inanuka udi, ni mishumaa ya kabati lako la vyombo. Vifungo vya miguu vimelegezwa vikakazwa tena mahali pa mguu mdogo. Na ubao wa kulia umeliwa ukingoni, upande wa nje, kama wa mtu ambaye akitaka kusimama huangukia kulia. Mkono wako uliofungwa Aprili ulikuwa wa kulia.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia.

Kisha nikafanya ulichoniamuru. Nikachukua taa, nikapitisha ukucha. Nikazikunja kwa goti mpaka nikaogopa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kila sehemu, nikisikiliza pa tupu. Hapana. Zimechakaa kama kitu kinavyochakaa kikitumiwa na kupendwa, na ndani zimeshikana kama siku zilipotoka kwenye sanduku langu. Nilichokuwa nimekisahau tangu Juni ni hiki, kwamba zile zilizoharibika ziliharibiwa na shimo. Mkono wangu haukuziharibu.

Alkhamisi iliyofuata nilimsimamisha Humoud barabarani. Nikamwambia, "Humoud, nambie kweli, Shangazi anakwenda Ramla?" Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Kila Jumamosi," akasema. "Tangu kabla ya Ramadhani. Mimi narudi kwetu, nampitisha kando ya Ramla upande wa Sinaw, bint Najla anatufuata na gari yake ili amrudishe. Wallah, bimkubwa yule akishuka anapiga kelele, mbuzi wangu hawali mpaka jioni." "Mbona hukuniambia?" "Kaniapisha." Halafu akafikiri kidogo. "Siku ile ya mkono, tulimbeba. Akasema, mbao zangu ziko salama? Mkono hakuuliza."

Jioni ile ile nilirudi jukwaani, nikaandika yote. Shimo, haraka yangu, mifuko ya makuti, nyama ya majirani. Nikaweka na picha ya Baba amesimama kwenye shimo jipya, kwa ruhusa yake. Nikasema kila aliyenunua, hata niliyemrudishia pesa, atatengenezewa jozi nyingine, moja moja, katika sanduku, na ya kwanza nitaikata mwenyewe mbele yao. Nikaweka na picha za mbao zako, chini na kingoni, na maelezo kwamba mwenyewe ana miaka sabini na tatu.

Walicheka, ndiyo, lakini safari hii nilicheka nao. Kipiri aliandika kwamba za kwake atazingoja, wala nisiharakishe. Akauliza pia hiyo nyama inafukiwaje, maana anadhani Namibia inawezekana. Na mzee wa ghalani kavunja kimya chake. Kumbe hakuwa amenikasirikia, alikuwa hospitali. Kaandika kwamba za kwake za mwanzo alizikausha juu ya mavi ya ng'ombe, na kijiji kinamkumbusha mpaka leo.

Baba ndiye aliyenifungulia gereji. Alinipa ufunguo mkononi, akasema, "Nyama watu wameshaisahau. Mbao vipi?" Mzee Azzan hajasahau, kila akinipita ananiuliza Idi ijayo nitawapikia skii gani, lakini jana kamleta mkwewe aone mpira wa zimamoto unavyofanya kazi, na ni yeye aliyekuwa akimweleza, mimi nilisikiliza tu.

Kazi ya mhuri nimeiacha. Mitalawanda yako ninayo. Nimeitundika mbele ya meza yangu ya kazi, kwa ruhusa yako, ili niitazame kila nikipata haraka.

Mwanao, Tahani


Nizwa, 14 Novemba 2025

Mwanangu Tahani, marahaba.

Ruhusa sitoi.

Sote wazima. Najla anakusalimu, anaomba umsamehe kwa siri aliyoiweka. Humoud hatapata tena kaimati kwangu, ulimi wake umekuwa mrefu ghafla, na umri ni sabini na mbili, mpaka mwezi ujao.

Ukutani kwangu pana misumari miwili mitupu, na wageni wanauliza. Watengenezee hao wa Namibia kwa zamu yao, usimpendelee mtu, hata mimi. Lakini zangu zirudishe Alkhamisi hii hii. Baridi imeingia, mchanga asubuhi ni mgumu na mzuri, na Jumamosi inanipita huku nimekaa kitako kama mgonjwa.

Uliniambia anayetaka kusimama aangukie ubavu. Nimejifunza, mkono wangu ni shahidi. Lakini tangu nilipoliacha karara langu juu ya mteremko wa Beit-el-Ras, hakuna aliyenipa tena kitu cha kushukia, mpaka uliponipa wewe. Basi nikikuambia kweli, kama ulivyoniomba: nikishafika kule juu, nikazifunga, Najla akaniachia mkono, kusimama sikutaki.

Shangazi yako, Mahfoudha